Bafta ya Mavyaa

Aprili 5

Mavyaa amerudi. Jibril amemshusha kwenye basi kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya steji nzima ya Garsen, akakataa kusaidiwa, na kila aliyemuuliza hali alimjibu kwa sauti: "Daktari anasema operesheni imefaulu!" Imefaulu, kama mtihani wa shule. Nilicheka kwa furaha, maana tangu waliposema titi lazima likatwe nilikuwa roho juu.

Mavyaa wangu anaitwa Qabale. Mimi ni Ilham, mtu wa Kipini, nimeolewa na mwanawe mdogo, Hirbo, anayeendesha lori la Mombasa. Jibril ndiye mwanawe mkubwa, mwenye ng'ombe. Nilipoolewa, shangazi zangu walisema sitaweza kukaa na Waorma hata mwaka. Nimeweza, na nimeweza kwa sababu ya huyu mama, aliyenifundisha kukama na hakunicheka ng'ombe aliponipiga teke. Daftari hili nimelinunua niandike anavyopona.

Huko hospitali kubwa ya serikali nililala naye siku za mwanzo, kisha Jibril akanipokea zamu, kwa kuwa wodini wanaruhusu jamaa mmoja, na sare za shule zilikuwa zinaningoja kwenye cherehani. Kitanda kimoja wagonjwa wawili. Mwenzake alikuwa Bishara, mama wa Bura, kichwa huku miguu kule. Wakaitana dada wa kitanda.

Magharibi Jibril amekuja kuniomba kipande cha bafta nyeupe, kiasi cha kumtandia mtoto mchanga. Nimemkatia bila kuuliza. Kesho anahama na ng'ombe kwenda bara kabla mvua hazijafunga njia.

Aprili 6

Jibril ameondoka. Mawingu tu.

Aprili 10

Kidonda kinatoa maji upande wa kwapa. Nakiosha asubuhi na jioni. Mavyaa hataki kujitazama, anageuza uso ukutani. Leo nimemshonea titi la kitambaa, nimelijaza pamba, nikamvalisha ndani ya sidiria. Akalipapasa, akasema, "Hii yako ni kubwa kuliko ile ya mimi. Wanaume watarudi." Tulicheka hadi akashika mbavu.

Aprili 12

Mvua.

Aprili 13

Mvua. Hakuna mteja hata mmoja.

Aprili 17

Mwalimu Susan amekuja kupunguziwa nguo. Zote zinamvuka. Alipovua mtandio nikaona titi halipo, upande uleule wa kushoto kama mavyaa. Sikujua. Amekatwa mwezi uleule wa mavyaa, katika hospitali ya binafsi, bima ya kazi imelipa. Tukawa tunaongea kama wanawake waliokutana kisimani, mpaka akasema, "Majibu yalipokuja kwenye simu, daktari akanianzishia dawa za dripu."

Nikamuuliza, "Majibu ya nini?"

"Ya titi lenyewe. Likishakatwa lazima lipimwe, wajue ni kansa ya aina gani na kama wameitoa yote. Kwani ya mama bado?"

Nilimwambia bado. Nimerudi nyumbani nikamuuliza mavyaa kama aliambiwa habari ya majibu. "Mimi naambiwa nimepona," akasema. Basi nikampigia Bishara. Bishara sauti imekonda, lakini akacheka kunisikia. Akaniambia mwanawe alipewa chupa yenye nyama yake ndani, akaipeleka maabara ya mtu binafsi mjini, kwa sababu maabara ya hospitali haifanyi kazi.

"Na chupa yenu nyinyi mlipeleka wapi?"

Ndiyo mara ya kwanza nasikia kuna chupa.

Aprili 18

Nimetafuta kila mahali. Chini ya kitanda, kwenye sanduku, kwenye mfuko aliorudi nao. Hirbo, kwa simu, hajui lolote. Chupa alipewa Jibril, maana ndiye aliyekuwepo, na Jibril yuko bara ambako simu ni kama jiwe.

Nimetuma salamu kwa kila mchungaji anayepita: mwambieni Jibril arudi, mwambieni mama anamwita.

Aprili 23

Mto umefurika, maji ya juu yameshuka kwetu. Barabara ya Hola imekatika. Jibril kimya.

Aprili 27

Kimya.

Aprili 30

Pembeni ya mshono kuna kitu kigumu kama punje ya hindi. Nimekigusa. Mavyaa pia alikigusa. Tukazungumza habari za kuku.

Mei 4

Kliniki. Tumevuka kwa mashua mahali ambapo mwezi uliopita palikuwa lami, mavyaa akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kisha basi, kisha kungoja. Benchi lilikuwa limejaa mpaka nje, na watu wote wa benchi lile ni wa sampuli moja: viatu vya plastiki, chai kwenye chupa ya soda. Tulifika asubuhi, tukaitwa jioni, watu wa kufanya usafi wakiwa wameshaanza kupiga deki.

Daktari ni kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakutuvunjia heshima, hilo niliseme. Alibonyeza ile punje, akauliza, "Majibu ya histolojia iko wapi, mama?"

Nikamweleza kuwa chupa anayo shemeji yangu, na shemeji yuko machungani.

Akaweka kalamu chini. "Kansa ya titi ziko aina nyingi. Kuna inayosikia vidonge, kuna isiyosikia. Bila majibu mimi nampa dawa ya kubahatisha. Na hii hapa inaonekana haikuisha."

"Lakini mlisema operesheni imefaulu."

"Ilifaulu. Alitoka theatre akiwa hai, hakuvuja damu."

Kumbe ndiyo maana yake. Mtihani walifaulu wao. Nikamuuliza kwa nini wasikate kipande kingine wapime. Akasema wanaweza, ila foleni ya theatre imefika Agosti, mashine ya usingizi inayofanya kazi ni moja. Kisha akaniinamia kama anayenipa siri: "Tafuta ile chupa. Kama ile nyama bado iko ndani ya dawa yake, hata imekaa mwezi, tutapata kitu. Ilete."

Njia nzima nimekuwa nikisema moyoni: bado iko. Jibril si mtu wa kutupa vitu.

Mei 7

Mvua.

Mei 9

Mvua. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Na anayeoza akiwa anavumilia je?

Mei 12

Jibril amefika leo mchana, matope hadi magotini, na kibuyu cha maziwa kwa mama yake. Alimwona amekonda akalia waziwazi. Sikumpa nafasi ya kupumua.

"Shemeji, hospitalini walikupa chupa?"

"Ndiyo. Walinipa."

"Iko wapi?"

Uso ukamng'aa. Hilo sitalisahau, jinsi uso ulivyomng'aa, kama mtu aliyeulizwa habari ya jambo lake jema ambalo alikuwa anangoja kuulizwa. Akaketi karibu na mama yake akaanza kueleza. Nesi alimpa mfuko mweusi wa plastiki, akamwambia, "Hii ni yenu, mnaenda nayo nyinyi wenyewe." Maneno hayo tu, akageukia mgonjwa mwingine. Jibril akachungulia, akaona ni nini, mwili ukamsisimka.

"Mimi nasema, hii ni mwili ya mama. Mwili ya Muislamu haitupwi kama ya ng'ombe. Wameitia kwa maji mbaya, inachoma macho. Basi mimi nabeba kwa basi, naficha chini ya kanzu, hakuna mtu anajua. Hapa nyumbani namwaga ile maji yote. Naosha yeye mara tatu, mpaka harufu inaisha. Nafunga na ile kitambaa yako nyeupe, Ilham. Nachimba karibu na kaburi ya baba, pale juu, maji haifiki." Akamshika mama yake mkono. "Siku ya kufufuliwa, mama, wewe iko mzima. Hakuna kitu inapungua."

Bafta niliikata mimi. Niliikata kwa mkasi huu ulioko mezani.

Nilisimama nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno tayari, ya Kipini, makali, yanayokata mara moja. Mavyaa akanitazama. Halafu akamwambia mwanawe, "Allah akulipe kheri, Jibril." Mimi nikatoka nje nikasimama mvuani mpaka nguo zikanigandama.

Jibril alipokwenda msikitini, mavyaa aliniita. Alishaelewa yote, alikuwepo kliniki, aliyasikia ya daktari kwa masikio yake.

"Usimwambie."

"Mama, alichozika ni dawa yako!"

"Amezika titi yangu. Yeye alinyonya hapo." Akautazama mlango alikotokea mwanawe. "Mimi nikienda, yeye atabaki. Ukimwambia, atabaki namna gani? Apa."

Nilikataa. Akashika mkono wangu akauweka pale palipo na ile punje, ambayo si punje tena. "Apa, Ilham."

Nikaapa. Wallahi, sitamwambia Jibril.

Mei 13

Namchukia. Akila namchukia, akiswali namchukia, akimpepea mama yake namchukia zaidi.

Mei 16

Namchukia na yule nesi.

Mei 20

Nimepiga simu Bura. Ameipokea mwanawe Bishara. Nikajua kabla hajasema. Chupa yao ilipimwa, majibu yalitoka, dawa ikaandikwa. Lakini kidonda kiliingia uchafu, wakarudi wodini, Bishara akalazwa kitanda cha wawili tena, na hakutoka hai. Kijana ananiambia daktari alisema operesheni yenyewe haikuwa na tatizo.

Sijamwambia mavyaa. Ameniuliza, "Dada ya kitanda hajambo?" Nikasema anakusalimu. Akajibu, "Mwambie naja." Sijui alimaanisha Bura au alishajua.

Mei 25

Mwalimu Susan alipita dukani na nywele zinamdondoka. Nilimwambia cherehani imeharibika. Haikuwa imeharibika. Sikutaka kumgusa mwanamke aliyeumwa ugonjwa uleule, titi lilelile, mwezi uleule, akaishia kulalamika juu ya nywele. Aliniambia katikati ya maneno, bila ubaya wowote, "Mimi hata hiyo chupa sikuiona." Ndiyo tofauti yetu yote. Kule kwenye hospitali ya binafsi chupa inatembea yenyewe.

Mei 28

Mvua imepungua. Mavyaa pia.

Juni 2

Kidonda kimefunguka. Nafukiza udi asubuhi na jioni, lakini la kuvunda halina ubani. Mavyaa anaona haya kwa harufu, anaomba watoto wa jirani wasiingie. Jibril ndiye asiyejali. Anakaa karibu kabisa, kichwa kimeinama, anamsimulia majina ya ng'ombe waliozaa. Hajaenda kwa mifugo tangu arudi. Amewaachia watu, na watu wamempotezea ndama, na hasemi kitu.

Nimejaribu kumchukia leo nikashindwa kufika mwisho.

Juni 6

Idi kubwa. Susan amekuja na sahani ya wali, yeye Mkristo ndiye aliyetukumbusha ni sikukuu. Nilidhani atakaa mlangoni. Aliingia, akaketi kitandani, akavua kitambaa kichwani, akamwonyesha mavyaa upara wake. Mavyaa akaupapasa akacheka. "Sasa wewe ni kama mtoto ya kuzaliwa." Wakakaa wameshikana mikono.

Nilimsindikiza Susan mpaka njiani. Akasimama akalia, akasema anaogopa kila kukicha, na anaona aibu kupona. Nikamwambia kesho alete nguo zake, cherehani imetengenezeka.

Juni 11

Mavyaa anasema maneno ya Kiorma ambayo siyajui. Jibril hataki kunitafsiria.

Juni 13

Mavyaa amefariki leo kabla ya adhuhuri. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Sanda nimeikata mimi. Bafta ileile, jora lilelile, nikaona pembeni pale nilipokata kile kipande cha Aprili, pamebaki pengo. Tulipomwosha nilisafisha lile bonde la kifuani kwa muda mrefu kuliko inavyopasa.

Wamemlaza karibu na mumewe, na karibu na kile kilichomtangulia. Hirbo amewahi maziko kwa kushuka lori na kupanda pikipiki tatu. Anasema Jibril alishuka mwenyewe kaburini, na alipotoka aliwaambia watu, "Mama ameenda mzima. Tumempeleka yote." Wazee wakamshika mabega, wakasema hivyo ndivyo mtoto anavyopaswa kuwa.

Juni 15

Watu wanaendelea kuja. Kila mmoja anasimuliwa habari ya kipande kilichozikwa. Jibril hasimulii kwa majivuno, ni kwamba hana kingine cha kushika. Nami namimina chai.

Juni 18

Hirbo amerudi kazini. Jua limetoka kali, matope yanapasuka.

Juni 22

Leo nilikuwa nashona barazani, Jibril anatengeneza kamba. Akaja Dukicha, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Mkewe Asli karudi jana kutoka hospitali ileile. Asli hana miaka thelathini, mtoto wake bado ananyonya. Dukicha ameshika jembe mkono mmoja, na mkono wa pili mfuko mweusi wa plastiki.

Akamwamkia Jibril kwa heshima, akasema, "Watu wanasema wewe najua mambo ya hii. Nifanye sawasawa, kama wewe ulifanyia mama yako."

Jibril akainuka mara moja. Tangu msiba sijamwona akiinuka upesi hivyo. Akaupokea ule mfuko kwa mikono miwili, akaniambia, "Ilham, kata kitambaa nyeupe. Kama ile siku ile."

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu na jora liko nyuma yangu.

"Sikati," nikasema.

Alidhani sikusikia, akarudia. Nikauweka mkasi chini, nikamwendea, nikautoa mfuko mikononi mwake. Ndani ile chupa ilikuwa nzima, kifuniko kimekazwa, maji yake yamejaa.

"Haizikwi hii, Dukicha. Inapimwa. Waliosema ni yenu walimaanisha mwipeleke maabara, kisha mrudishe majibu, ndipo Asli apewe dawa yake. Ukiimwaga hii umemwaga dawa ya mkeo."

Dukicha akanitazama, akamtazama Jibril. "Lakini ya mama yenu ilizikwa."

"Ndiyo."

Jibril hakusogea. Mikono yake ilikuwa bado mbele, kama vile mfuko umo. Akauliza polepole, kwa Kiorma, kisha kwa Kiswahili ili awe na hakika nimesikia: "Ya mama ilikuwa ya kupima?"

"Ilikuwa ya kupima, shemeji."

"Wewe ulijua lini?"

"Kabla hujarudi kutoka bara."

"Na mama?"

Hapo ningeweza kusema uongo, na uongo nilikuwa nao tayari. Lakini nilikuwa nimechoka kubeba, na nilitaka, sitajifanya mwema, nilitaka kwa dakika ile moja kuona na yeye akibeba. "Mama alijua. Ndiye aliyeniapisha nisikwambie."

Akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama, mchangani. Hakulia. Akamwambia Dukicha, "Basi ya saa saba iko bado. Kimbia." Dukicha akakimbia na chupa, jembe akaliacha kwetu.

Jibril akaendelea kukaa, akisema peke yake yale maneno ya nesi, kila mara akiweka mkazo mahali tofauti. Hii ni yenu. Mnaenda nayo. Nyinyi wenyewe. Anatafuta ni wapi aliposikia vibaya. Nami nilisimama nikimtazama, na mahali hapo sikupaona. Maneno yale yale angeambiwa mtu yeyote wa benchi lile angefanya lolote: kuzika, kutupa mtoni, kuweka darini. Walimkabidhi mchunga ng'ombe titi la mama yake ndani ya mfuko wa duka, wakampa maneno ambayo hayatoshi hata kumwagiza mtoto chumvi, halafu wakaandika kwamba operesheni imefaulu. Ninawachukia wao, na nawachukia wote, na yule daktari mwenye macho mekundu simchukii, na hilo nalo linaniudhi.

Juni 23

Nimevunja kiapo cha marehemu. Kafara ya kiapo ni kulisha masikini kumi, au kuwavisha; asiyeweza afunge siku tatu. Masikini kumi katika mtaa huu tukihesabu vizuri ni sisi wenyewe. Nimefunga leo.

Juni 24

Ya pili. Dukicha amepiga simu kutoka mjini. Maabara imeipokea chupa, majibu wamemwahidi baada ya wiki tatu. Jibril alikuwa amesimama nyuma yangu akisikiliza. Hajanisemesha tangu juzi.

Juni 25

Ya tatu. Adhana ya magharibi ilipoanza nilifungua mlango nikakuta kibuyu cha maziwa kizingitini, kile alichomletea mama yake Mei. Jibril alikuwa ameshafika mbali, anaelekea kule juu walipo mama yake na baba yake, jembe la Dukicha begani, kwenda kusawazisha udongo uliodidimia kwa mvua. Nikafuturu kwa maziwa yale.